Kanuni Iliyotazama Ardhi Ikasahau Anga

Ukipewa ripoti ya upimaji wa gesi kandokando ya dampo, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni jedwali. Safu ya kwanza ina namba za visima vya kupimia, ya pili ina tarehe, ya tatu ina methani kwa asilimia. Halafu sifuri zinashuka moja baada ya nyingine: 0.0, 0.0, 0.1, 0.0. Chini kabisa kuna sentensi inayosema hakuna kisima kilichovuka kikomo. Mtu anafunga faili, anaenda kunywa chai.

Makala hii inalikosoa jedwali hilo, na hasa kanuni iliyolizaa. Kanuni yenyewe ni ya Marekani: kifungu cha 258.23 cha kanuni za serikali kuu ya nchi hiyo kuhusu madampo ya taka za manispaa, zilizotolewa mwaka 1991. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, iko wazi, na inaonyesha vizuri namna ya kufikiri ambayo utaikuta katika nchi nyingi. Sisemi ni kanuni ya ovyo. Ninachosema ni kwamba unaweza kuifuata kwa uaminifu mwaka mzima, bila kudanganya hata tarakimu moja, na bado ukakosa siku pekee zilizokuwa na maana.

Twende polepole. Tuanze na gesi yenyewe.

Kwa nini gesi iende pembeni

Taka zikifukiwa, oksijeni inaisha ndani yake mapema. Bakteria wasiohitaji oksijeni wanachukua kazi: wanaoza maganda, karatasi, mabaki ya chakula, na wanachotoa ni mchanganyiko ambao takriban nusu yake ni methani na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa. Kazi hiyo haikomi siku dampo linapofungwa. Inaendelea kwa miaka mingi baada ya lori la mwisho kuondoka.

Methani ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka ikiwa ni kati ya asilimia 5 na 15 ya mchanganyiko. Chini ya 5 ni haba mno. Juu ya 15 oksijeni haitoshi. Sasa kuna watu husikia hilo la pili wakafarijika: kama ardhini kuna asilimia 50, si basi hailipuki? Ngoja kwanza. Gesi ya asilimia 50 inayopenya chini ya sakafu na kuanza kuchanganyika na hewa ya chumba lazima ishuke kutoka 50 kwenda sifuri, na njiani itapita kati ya 15 na 5. Swali ni moja tu: wakati inapita hapo, kuna mtu atakayewasha swichi?

Gesi hutembea ardhini kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusambaa kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, kama harufu ya vitunguu inavyotoka jikoni hadi sebuleni. Hiyo ni ya polepole. Ya pili ni kusukumwa: upande mmoja una mgandamizo mkubwa kuliko mwingine, gesi inakimbilia palipo na unafuu. Hiyo inaweza kuwa ya haraka sana. Na kama juu ya dampo pamefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, au mvua imelowesha tabaka la juu hadi vitundu vyake vimejaa maji, njia rahisi ya gesi haitakuwa juu. Itakuwa pembeni: kwenye mchanga, changarawe, nyufa za mwamba, au mtaro wa bomba ambao mtu aliufukia kwa kifusi.

Ndiyo maana kandokando ya dampo huchimbwa visima vyembamba vya kupimia. Ndani yake kuna bomba la plastiki lenye matundu, limezungukwa na changarawe, na juu limezibwa kwa udongo unaovimba ukilowa ili hewa ya nje isiingie. Kwenye kifuniko kuna vali. Fundi anakuja, anaunganisha mashine yake, pampu inavuta gesi kwa dakika chache, anaandika namba, anafunga, anahamia kisima kingine.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye neno "anakuja". Anakuja lini?

Asubuhi moja huko Loscoe

Tarehe 24 Machi 1986, katika kijiji cha Loscoe, Derbyshire, Uingereza, nyumba moja ya ghorofa ya chini tu ililipuka na kusambaratika kabisa. Watu watatu waliokuwa ndani walijeruhiwa vibaya. Karibu na nyumba hiyo kulikuwa na dampo ambalo lilikuwa limeshaacha kupokea taka. Lilikuwa shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali, limejazwa taka, likafunikwa. Gesi ilitoka humo ikapita kwenye mwamba wa mchanga wenye nyufa hadi chini ya nyumba.

Eneo hilo ni la makaa ya mawe, kwa hiyo wachunguzi walipaswa kwanza kujua kama gesi ilitoka kwenye migodi au kwenye taka. Kuna namna ya kuzitofautisha. Makaa yana umri wa mamilioni ya miaka, kwa hiyo methani yake haina tena kaboni ya 14, ile kaboni yenye mnururisho ambayo viumbe hai huwa nayo na ambayo hupungua kadiri muda unavyopita baada ya kufa. Methani ya maganda ya juzi bado inayo. Jibu la Loscoe lilielekea kwenye dampo.

Lakini kilichonifanya nilete habari hii ni kitu kingine. Kabla ya mlipuko, mgandamizo wa hewa ulikuwa umeshuka kwa milibari 29 ndani ya saa 7.

Fikiria maana yake. Hewa iliyo juu yetu inatukandamiza kwa takriban milibari 1,000, na inaikandamiza pia gesi iliyojificha kwenye vitundu vya udongo. Milibari 29 ni kama asilimia 3. Ukipunguza mgandamizo kwa asilimia 3, gesi inatanuka kwa karibu kiasi hichohicho. Tuseme kwa mfano tu kwamba dampo na ardhi inayolizunguka vimebeba mita za ujazo 100,000 za gesi. Asilimia 3 yake ni mita za ujazo 3,000. Hayo ni maboza 300 ya maji, yale ya lita 10,000, ambayo ghafla hayana nafasi tena ardhini na yanataka kutoka kabla ya saa sita mchana.

Mgandamizo ukipanda, kinyume chake hutokea: hewa ya juu inasukumwa kuingia ardhini na gesi inarudi ndani. Ndiyo kusema ardhi inapumua. Anga likilegea, inatoa pumzi. Anga likikaza, inavuta.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1991, huko Skellingsted nchini Denmark, nyumba nyingine karibu na dampo ililipuka na watu wawili wakafa. Hapo pia watafiti walihusisha tukio na kushuka kwa mgandamizo wa hewa. Nchi mbili, miamba na udongo tofauti, mkono uleule kutoka juu.

Sasa tuisome kanuni

Mwaka huohuo wa 1991, Marekani ilitoa kanuni yake. Inasema nini? Methani isizidi robo ya kiwango cha chini cha kulipuka ndani ya majengo ya dampo, yaani asilimia 1.25 ya hewa. Kwenye mpaka wa eneo isifike juu ya kiwango chenyewe, yaani asilimia 5. Ikizidi, mwenye dampo achukue hatua mara moja kulinda watu, aweke kumbukumbu ndani ya siku 7, na ndani ya siku 60 awe ameanza kutekeleza mpango wa kurekebisha. Safi. Hakuna maneno ya kuzungushana.

Kisha inakuja sehemu ya upimaji. Kanuni inasema aina ya upimaji na mara zake vitegemee mambo manne: hali ya udongo, hali ya miamba na maji yaliyo chini ya ardhi, hali ya mwenendo wa maji, na mahali majengo na mipaka ilipo. Halafu inaweka kima cha chini: angalau mara moja kila miezi mitatu.

Hebu rudia kuyahesabu yale manne. Udongo. Miamba na maji ya chini. Mwenendo wa maji. Majengo na mipaka. Yote yako ardhini, na yote ni ya *wapi*. Hakuna hata moja la *lini*. Anga halimo. Neno mgandamizo wa hewa halimo. Kwa kanuni hii, kisima kilichopimwa siku anga limetulia na kisima kilichopimwa wakati dhoruba inakuja ni sawasawa, ilimradi vyote vimepimwa ndani ya robo ile ya mwaka.

Mtu akitengeneza kanuni ya kupima mafuriko kwa kutembelea daraja mara nne kwa mwaka, tarehe yoyote, bila kuuliza kama mvua imenyesha, tutamcheka. Hapa hatucheki kwa sababu gesi haionekani.

Hesabu ndogo ya kusumbua usingizi

Tuifanyie kanuni mtihani. Tuseme kwenye dampo fulani kuna siku 5 tu kwa mwaka ambazo mgandamizo unaporomoka kiasi cha kusukuma gesi kwa nguvu hadi mpakani. Fundi anakuja mara 4 kwa mwaka, siku zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Je, kuna uwezekano gani kwamba atakosa zote tano?

Kila ziara ina nafasi 360 kati ya 365 ya kuangukia siku ya kawaida. Zidisha hiyo mara nne kwa yenyewe: unapata karibu 0.95. Yaani kwa mwaka mmoja kuna uwezekano wa asilimia 95 hivi kwamba jedwali litaandika siku za utulivu tu. Ongeza hadi miaka 10, ziara 40: bado uwezekano wa kukosa zote ni kama asilimia 58. Baada ya miaka kumi ya kazi safi, kuna nafasi zaidi ya nusu kwamba faili halijawahi kukutana na siku hata moja mbaya.

Na hapo nimekuwa mkarimu. Siku 5 ni mfano wangu, kila dampo lina zake. Lakini nimedhani fundi anachagua siku kwa bahati nasibu, na kwa kweli hafanyi hivyo. Nani anapenda kutembea kwenye matope na mashine ya bei mbaya wakati upepo unang'oa miavuli? Akiona wingu zito anaahirisha. Kumbe siku inayoahirishwa ndiyo iliyotakiwa.

Kuna kipimo halisi cha jinsi mambo yanavyobadilika. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo kutoka dampo la Lincoln, jimbo la Nebraska, ambako walipima bila kukatiza methani inayotoka juu ya dampo. Waliona kiasi kinachotoka kikibadilika siku hadi siku hadi mara 35 kutokana na mabadiliko ya mgandamizo wa hewa. Wakahitimisha kwamba ili kunasa asilimia 90 ya mabadiliko hayo, unahitaji angalau siku 10 mfululizo za kupima. Ni gesi ya juu ya dampo, si ya pembeni, kwa hiyo usiihamishe namba hiyo ya 35 kwenye visima moja kwa moja. Lakini chanzo ni kilekile na anga ni lilelile. Kama kwa juu tu unahitaji siku 10 mfululizo, dakika 10 kwa kila robo mwaka zinakuambia nini?

Sifuri ambazo si sifuri

Tuseme fundi kafika siku inayofaa kabisa. Bado kuna namna tatu ambazo sifuri yake inaweza kukupoteza, na kanuni inayotaja methani peke yake haikusaidii kuzigundua.

Ya kwanza ni bakteria wa upande wa pili. Udongoni, karibu na mahali hewa inapofika, wako bakteria wanaokula methani: wanaitumia pamoja na oksijeni, wanaacha hewa ukaa na maji. Kwa hiyo kisima kinaweza kuonyesha methani 0.0 huku hewa ukaa ikiwa asilimia 12 na oksijeni imeshuka hadi 4. Ukitazama safu moja utasema pako salama. Ukitazama zote tatu utaona gesi ya dampo imefika na imeliwa njiani. Na bakteria wana uwezo wao. Siku gesi ikija kwa kasi kuliko wanavyokula, inayobaki itapita. Uingereza, baada ya kujifunza kwa uchungu, mwongozo wake unafuatilia zote mbili: asilimia 1 ya methani na asilimia 1.5 ya hewa ukaa juu ya kiasi cha kawaida cha mahali hapo. Kifungu cha Marekani kinafuatilia moja.

Ya pili ni mashine. Vihisi vya aina ya zamani hupima methani kwa kuichoma kidogo juu ya waya wa moto na kusoma joto linalotokea. Kuchoma kunahitaji oksijeni. Ndani ya kisima ambacho oksijeni imeisha, kihisi kama hicho kinaweza kusoma kidogo mno mahali penye gesi tele. Vihisi vya mwanga wa infraredi havina tatizo hilo, ila navyo vinaweza kudanganywa na gesi nyingine za jamii hiyo. Na kuna mtego wa kitoto kabisa: mashine ikiandika "25", ni asilimia 25 ya hewa yote, au ni asilimia 25 ya kiwango cha kulipuka, yaani 1.25? Jedwali lisilosema halifai hata kufungia vitumbua.

Ya tatu ni kisima chenyewe. Maji ya ardhini yakipanda yakafunika matundu ya bomba, gesi haiwezi kuingia. Utavuta hewa iliyokwama juu ya maji na kuandika sifuri nzuri, ya kweli, isiyo na maana yoyote. Ndiyo maana kimo cha maji kinatakiwa kiandikwe kila mara.

Zaidi ya hayo, asilimia pekee haitoshi. Kisima chenye asilimia 40 ya methani iliyotulia tuli kinaweza kuwa na hatari ndogo kuliko kisima chenye asilimia 6 inayotoka kwa kasi. Waingereza, wanapotaka kujenga juu ya ardhi yenye gesi, huzidisha kiwango cha gesi kwa mtiririko wake wa lita kwa saa, ndipo wanaamua nyumba ihitaji kinga gani. Ni hesabu ya darasa la sita, ila inataka mtu apime vitu viwili.

Upande wa utetezi

Haki itendeke. Mtetezi wa kanuni atasema mambo matatu, na yana uzito.

Atasema kwanza kwamba miezi mitatu ni kima cha chini; hakuna aliyekukataza kupima kila wiki. Kweli. Lakini sote tunajua kinachotokea kima cha chini kikiandikwa kwenye mkataba wa zabuni: kinageuka kuwa kima cha juu.

Atasema pili kwamba 1991 haikuwa 2020. Vifaa vya kukaa ndani ya kisima na kurekodi gesi, mgandamizo na kimo cha maji kila saa havikuwa kazi ya kawaida. Hili nakubali, ila lina kikomo. Barometa ilikuwepo tangu karne ya 17, na utabiri wa hali ya hewa ulisomwa redioni kila asubuhi. Kuandika "angalau ziara moja kati ya hizi ifanyike wakati mgandamizo unashuka" kusingegharimu kifaa chochote kipya.

Atasema tatu kwamba kanuni lazima iwe rahisi kukaguliwa. Mkaguzi anataka kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, umetimiza. Hapa ndipo pana ugomvi wangu wa kweli. Kanuni imechagua kitu kinachohesabika kwa urahisi, idadi ya ziara, badala ya kitu tunachotaka kukijua, yaani gesi inafika wapi siku ikisukumwa. Karatasi inatimia, swali linabaki.

Gharama ya swali kubaki si ya kufikirika. Mwaka 2008, kitongoji cha Brookland Greens huko Cranbourne, karibu na Melbourne, Australia, wakazi walishauriwa wafikirie kuhama kwa sababu methani kutoka dampo jirani lisilotandikwa chochote chini yake ilikuwa imeingia kwenye nyumba. Dampo lilikuwa limefungwa tangu 2005. Hakuna aliyelipuka, tunashukuru. Lakini kesi iliyofuata iliisha kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 23.5 za Australia. Ukilinganisha na bei ya vifaa vichache vya kurekodi, unajua wenyewe.

Na huku kwetu je?

Unaweza kuuliza: sisi wenye majalala ya wazi, hii inatuhusu nini? Inatuhusu, tena hasa wakati tunapoanza kufanya vizuri.

Jalala la wazi hutoa gesi yake juu. Inanuka, inawaka moto, moshi unaingia madarasani. Ni balaa la aina yake, lakini gesi ina njia ya kutokea. Siku tunayoamua kulifunga kistaarabu, tukalifunika kwa udongo mzito na kupanda nyasi, tumeziba njia hiyo. Kama hatukuweka mabomba ya kuivuta gesi, tumeielekeza kwa majirani. Dampo la Mtoni, Dar es Salaam, lilipofungwa lilipata mradi wa kuvuta gesi na kuichoma. Yatakayofungwa kesho yatapata? Dandora, Nairobi, lilianza kutumika miaka ya 1970 kwenye eneo la machimbo ya zamani ya mawe, na leo nyumba zimelizunguka. Shimo la machimbo, taka, nyumba jirani: hayo ni maneno tuliyoyakuta Loscoe.

Hapo ndipo swali la kanuni linapotufikia. Wakati wa kuandika masharti ya kufunga dampo, kishawishi cha kunakili "kila miezi mitatu" kitakuwa kikubwa. Na tukinakili, tutanakili pengo lake pia, na kwetu pengo lina sura tofauti.

Karibu na ikweta hatuna sana zile dhoruba za Ulaya zinazoangusha mgandamizo kwa milibari 29 asubuhi moja. Tuna kitu kingine. Kila siku, mgandamizo wa hewa katika nchi za joto hupanda na kushuka mara mbili kama maji kupwa na kujaa. Huwa juu karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Huwa chini karibu na saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ni ndogo, milibari 3 au 4 hivi, lakini haikosi siku. Mtu mwenye barometa anaweza kuiona kwa macho yake ndani ya siku mbili.

Sasa piga picha ya siku ya kazi. Fundi anaripoti ofisini saa mbili. Gari linapatikana saa tatu. Anapima visima vyake kati ya saa tatu na saa tano, kabla jua halijachoma. Yaani anapima wakati anga limekaza zaidi kuliko saa nyingine yoyote ya mchana, wakati ardhi imevuta pumzi au ndiyo kwanza inaanza kuiachia. Kufikia saa kumi jioni, ardhi ikiwa imetoa pumzi kwa saa sita, yeye yuko kwenye daladala anarudi nyumbani. Na saa kumi alfajiri, pumzi inapotoka tena, watu wamelala na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Sidai kwamba milibari 3 zitafanya walichofanya 29. Kwa udongo mzito wa mfinyanzi huenda tofauti isionekane. Kwa mchanga wa pwani, ambao gesi hupita kwa urahisi, naona inastahili kupimwa kabla ya mtu kuapa kwamba haipo. Ongeza masika, tabaka la juu likilowa likawa kifuniko, na una kipindi cha mwaka ambacho upimaji wa asubuhi yenye jua hauwezi kukisemea.

Ningeiandikaje

Si kazi ngumu. Kwenye ile orodha ya mambo manne ningeongeza la tano: mwenendo wa mgandamizo wa hewa na hali ya unyevu wa tabaka la juu. Kisha ningeongeza sentensi tatu. Kwamba angalau nusu ya ziara zifanyike wakati mgandamizo unashuka, na kwetu hiyo iwe alasiri, si asubuhi. Kwamba kila namba ya methani iandikwe pamoja na hewa ukaa, oksijeni, mtiririko, kimo cha maji, na mgandamizo wa saa ile na wa saa kadhaa zilizotangulia. Na kwamba visima vilivyo kati ya dampo na nyumba za watu viwekewe vifaa vya kurekodi bila kukatiza, hata kama ni viwili tu, kwa angalau mwaka mmoja, ili tujue pumzi ya mahali pale ikoje kabla ya kurudi kwenye ziara za mara mojamoja.

Wewe unaweza kuanza leo bila kusubiri kanuni. Ukiwa mwanafunzi, ukiwa mjumbe wa mtaa, ukiwa mnunuzi wa kiwanja kilicho jirani na jalala lililofunikwa, omba ripoti ya visima. Ukiipata, usianze na safu ya methani. Tafuta saa ya kupima. Tafuta mgandamizo wa hewa na kama ulikuwa unapanda au unashuka. Kama safu hizo hazimo, muulize aliyekupa, kwa upole na shikamoo yake: hizi sifuri zilipimwa ardhi ikivuta pumzi, au ikiitoa?